Methani ya viwandani: Uganda na Uingereza kwenye mchoro mmoja

Mchoro wenyewe una mistari miwili, wa Uganda na wa Uingereza: methani, gesi inayoongeza joto duniani, inayotoka viwanda vinapochoma fueli, mwaka hadi mwaka. Hizi ni dhana ambazo watu huwa nazo wakiutazama.

Dhana: Kuni ni za asili, miti huota tena, kwa hiyo moshi wake hauna hesabu.

Nusu yake ni kweli. Hewa ukaa itokanayo na kuni haijumlishwi kwenye sekta ya nishati. Huhesabiwa upande wa misitu na ardhi. Lakini methani yake inabaki kwa aliyewasha moto. Kwa viwanda, miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inakadiria kwamba kila terajuli (kipimo cha nishati) ya kuni hutoa kilo 30 za methani, makaa ya mawe kilo 10, dizeli kilo 3, na gesi asilia kilo 1 tu. Methani hutoroka pale kitu kinapoungua nusunusu: kuni mbichi, hewa haba, tanuri halijapata moto. Ndiyo maana viwanda vya chai vinavyokausha majani kwa kuni za mkaratusi, na viwanda vya sukari kama Kakira na Kinyara vinavyochoma makapi ya miwa, huinua mstari wa Uganda kuliko ambavyo ungetarajia kwa ukubwa wa viwanda vyetu.

Dhana: Mstari ukishuka, nchi imejirekebisha.

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Gesi ya Bahari ya Kaskazini ilianza kufika nchi kavu Uingereza mwaka 1967, na viwanda vingi vikaachana na makaa ya mawe. Hayo ni mafanikio ya kweli. Ila viwanda vingi vya chuma na nguo huko vilifungwa vilevile, na bidhaa zake sasa hutengenezwa nchi nyingine. Methani ilihama pamoja na kazi.

Uganda nayo ina historia yake. Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke, na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadhoofika hadi vilipofufuliwa wamiliki waliporudi miaka ya 1980. Tanuri lililozimika halitoi methani. Anayeusifu upungufu wa namna hiyo anasifu watu kukosa kazi na sukari kukosekana dukani, na anayelaumu kupanda kwake baadaye analaumu ajira kurudi.

Dhana: Methani ndiyo mzigo mkubwa wa moto wa kiwandani.

Hapana. Terajuli moja ya makaa ya mawe hutoa takriban kilo 94,600 za hewa ukaa. Methani yake ni kilo 10; kwa kuwa kilo moja ya methani huhesabiwa kuongeza joto kama kilo 28 za hewa ukaa, ukiizidisha kwa 28 inakuwa sawa na kilo 280. Angalia pia kizidisho chenyewe: ripoti za zamani zilitumia 21, kisha 25. Ukichanganya ripoti hizo, mstari utaruka bila hata gogo moja kuongezwa motoni.

Dhana: Takwimu hizi zimepimwa kwenye bomba la moshi.

Kwa sehemu kubwa ni hesabu ya kuzidisha: kiasi cha fueli mara kilo za methani zilizokadiriwa. Kwa njia hiyo kanzidata ya EDGAR ya Tume ya Ulaya inaweza kuchora mstari wa karibu kila nchi tangu 1970. Tofauti iko kwenye kiasi cha fueli. Gesi ya Uingereza hupita kwenye mita na kulipiwa. Tanuri la matofali kando ya barabara ya kwetu halina mita wala risiti. Kuni zake hukisiwa. Kulinganisha mistari hiyo miwili hadi nukta ya desimali si haki.

Linaloniuma ni hili: kiwanda cha chai kikijitahidi kuanika kuni zake zikauke vizuri, methani hupungua kweli, lakini kwenye hesabu kinabaki na kilo zilezile 30 kwa terajuli. Kinachoweza kuonekana ni kuni kilizookoa, tena kama kuna aliyeziandika. Kiwanda hicho tayari kina mzani wa kupimia majani ya mkulima. Kuni nazo zipimwe zinapoingia, na uzito uandikwe pamoja na unyevu wake.