Iron Lung: gemu la saa moja linalokutisha kupitia masikio

Kazi yangu ni sauti. Nimekaa miaka studio nachanganya tamthilia za redio, mlango unafungwa, mtu anapanda ngazi, mvua inapiga bati, na kila siku kazi ni ile ile, msikilizaji aone kitu ambacho hakipo. Ndo maana mtu akiniuliza nianze na gemu gani la kutisha simtajii yale makubwa ya masaa ishirini, namwambia anza na Iron Lung. Lilitoka 2022, katengeneza David Szymanski, yule yule aliyetengeneza DUSK, gemu la kupiga risasi, na ukitulia unalimaliza kwenye saa moja hivi.

Kisa chenyewe kifupi. Nyota zote zimetoweka ghafla pamoja na sayari zote zinazokalika, waliopona ni wale tu waliokuwa kwenye vyombo na vituo vya angani, na kwenye mwezi mmoja huko imekutwa bahari ya damu. Wewe ni mfungwa. Unaingizwa kwenye kinyambizi chenye kutu, mlango unachomelewa, dirisha la mbele limezibwa chuma kwa sababu ya presha ya kule chini, unaambiwa nenda kapige picha sehemu zenye alama kwenye ramani, ukirudi uko huru.

Sasa twende kwenye ufundi. Nje huoni kabisa. Una namba mbili, X na Y, una nyuzi, yaani digrii, zinazokuambia umeelekea wapi, una ramani, na una sensa zinazolia ukikaribia mwamba, ukizidi kusogea zinalia harakaharaka. Kuona kwenyewe ni kwa kamera, na kitufe cha kamera kipo nyuma, mbali na vitufe vya kuendeshea, kwa hiyo kila ukitaka kuona inabidi uache chombo, ugeuke, utembee hatua kadhaa, ubonyeze, usubiri, ndo inakuja picha moja imeganda imejaa chengachenga. Na picha hiyo ni ya muda uliopita tayari! Kilichokuwepo ulipobonyeza si lazima kiwe bado pale pale unapoikodolea macho. Hizo hatua chache za kwenda na kurudi mimi naona ndo kazi nzuri kuliko zote humu ndani, maana zinakulazimisha uvipe vipimo mgongo muda ule ule unaohitaji kujua kuna nini karibu yako.

Hapo masikio yanashika usukani. Sisi watu wa sauti tunajua kitu kimoja, sauti ambayo unaona inatoka wapi haikusumbui sana, ubongo unaangalia, unasema aah ni mlango, unaendelea na mambo yake. Isipoonekana inatoka wapi ubongo haukubali, unatafuta, unatafuta tena, ukikosa unajitungia jibu lake wenyewe. Kwenye tamthilia nikitaka watu waogope siweki mngurumo mkubwa, naweka kitu kinachokwaruza polepole nyuma ya ukuta halafu nakiacha bila maelezo. Szymanski kafanya hivyo hivyo. Chuma kinalia, kinajikunja, mwanzoni unajituliza kwamba ni presha tu, na kweli presha inafanya hivyo, halafu kuna kitu kinagonga kwa nje na unabaki unajiuliza je na hii ni presha. Huna dirisha la kuthibitisha. Chumba kidogo, sauti kavu ya karibu, halafu huko nje hujui kuna ukubwa gani.

Mdogo wangu alilicheza mara ya kwanza kwa spika za laptopu, sebuleni, feni inazunguka na watu wanapiga stori, akaniambia kaka hili mbona ni gemu la hesabu tu, unajumlisha namba unasogea. Sikubishana naye. Usiku nikampa hedifoni zangu za kazini, zile zinazofunika sikio lote, nikazima taa. Kabla hajafika nusu ya ramani akavua upande mmoja wa sikio, akabaki anasikilizia na huku chumbani.

Kwa hiyo ukitaka kulicheza vaa hedifoni, usiweke muziki wako pembeni, na lifanye kwa mkao mmoja bila kusimamisha. Shika kalamu na karatasi halisi uandike namba zako, usitegemee kichwa, maana ukianza kuogopa X na Y zinachanganyikana na chombo kinaugonga mwamba, kikigongwa sana ndo basi. Pita polepole kwenye njia nyembamba. Na ukiwa umesimama kwenye kamera ukasikia kitu kimegonga, usikimbilie kubonyeza, tulia kwanza usikilize kimetokea upande gani, kisha ndo upige picha.