Je, Wajua Kwa Nini Papa Wengi Hawawezi Kufugwa Nyumbani?

Papa wengi wa bahari kuu hupumua kwa kuogelea. Papa wa namna hiyo huacha kinywa wazi kidogo akisonga mbele, maji yakaingia na kupita kwenye matamvua, ambako damu huchukua oksijeni. Akizuiwa kwenda kwa muda, hukosa hewa. Isitoshe, papa hana kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki wengine wengi kuelea, bali hutegemea ini lake kubwa lenye mafuta pamoja na mapezi ya kifuani, ambayo humwinua pale tu anapokuwa mwendoni. Ndiyo maana tangi la nyumbani humtesa: akipiga mkia mara chache tu hukutana na kioo, hulazimika kugeuka na kutumia nguvu nyingi kuanza upya, na pua yake, iliyojaa vitundu vya kuhisi umeme hafifu wa viumbe wengine, huchubuka kwa kugongagonga.

Papa mweupe amezishinda hata taasisi kubwa. Mwaka 2004, Monterey Bay Aquarium ya Marekani, akwaria yaani jumba la kuonyeshea viumbe wa majini, ilimweka jike mchanga katika tangi lenye mamilioni ya lita za maji, akaishi humo siku 198, kisha akarudishwa baharini baada ya kuwaua papa wengine wawili. Nchini Japani, dume aliyewekwa katika akwaria ya Okinawa mwezi Januari 2016 alikufa baada ya siku tatu.

Wanaoweza kufugwa ni wachache, nao ni wale wanaolala sakafuni mwa bahari, kama vile Chiloscyllium punctatum, ambaye kwa Kiingereza huitwa brownbanded bamboo shark. Ukimtazama akiwa amejilaza chini ya jiwe, mwili umetulia kabisa ilhali koo lake linapanda na kushuka, utaona jinsi anavyovuta maji kwa misuli ya kinywa bila kuhitaji kuogelea. Mara nyingi huuzwa akiwa bado yai, na ukilimulika kwa taa utamwona kijusi akitikisa mkia kando ya kiini. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana akianguliwa huwa mdogo kiasi cha kutosha kiganjani, lakini akikomaa hufikia takriban mita 1 na kuhitaji maelfu ya lita za maji, sakafu pana kuliko kina, na mchanga laini usiomkwaruza tumbo. Lita 5,000 pekee zina uzito unaozidi tani 5, mzigo ambao nyumba nyingi hazikujengwa kuubeba.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ugumu mkubwa uko katika maji yenyewe. Papa hula nyama na kutoa uchafu mwingi. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu huo, kuwa nitrati, na nitrati ikirundikana huizuia tezi ya shingo kupata madini ya joto (ayodini), hadi papa akapata rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Dawa zenye shaba, ambazo wafugaji huzitumia kuua vimelea vya samaki wengine, ni sumu kwake.

Wapo pia papa walalao sakafuni ambao haifai kabisa kuuziwa mtu binafsi. Ginglymostoma cirratum, ambaye kwa Kiingereza huitwa nurse shark, huuzwa akiwa mdogo na mpole, ilhali hufikia mita 3, na anapolizidi tangi, akwaria za umma mara nyingi hukataa kumpokea, wala hafai kuachiliwa baharini kiholela, kwa kuwa anaweza kupeleka huko magonjwa aliyoyapata tangini.