Moyo wa mgonjwa nausikia, nyinyi ndo siwasikii

Juzi tena. Nimevua mashine zangu za masikio nimezitia mfukoni, nimevaa stethoskopu, niko pale apeksi, yaani kwenye ncha ya moyo, ya mzee mmoja natulia kusikiliza, na kijana wake aliyemleta kaniona nikizivua. Basi akainama mpaka sikioni mwangu akapiga ukelele wa kuita boti. Nilichopata mimi ni hiki: I-A, U-A-U-I-I-A O-O A E-E. Nikaruka, mzee naye akaruka. Lakini nilimuelewa, manake ni swali lile lile nnaloulizwa kila wiki tangu chuoni: "Sista, unausikia moyo wa mzee?"

Naandika hii mara moja niwe natuma linki tu, nimechoka kueleza nikiwa na sindano mkononi.

Ndio, nausikia. Tena nausikia vizuri kuliko ninavyokusikia wewe, na hapo ndo watu wanaponiangalia kama nimewadanganya. Audiogramu yangu, yaani mchoro wa kipimo cha masikio, ni mteremko. Kwenye hezi 250, sauti nzito, nahitaji desibeli 20 tu ndo nisikie, yaani karibu na wewe, halafu nashuka nashuka mpaka kwenye hezi 4000, sauti nyembamba, nahitaji 75. Sauti za moyo, ile lab-dab, kwa sehemu kubwa ziko chini ya hezi 200. Ziko upande wangu mzima. Sauti za Korotkoff za kupimia presha pia ziko huko chini. Kilichoko juu, kule kwenye shimo langu, ni s, sh, f, t, k. Yaani maneno. Moyo hausemi s.

Sasa hii ya kupiga kelele. Watu wanadhani sikio bovu ni kama redio iliyopunguzwa sauti, ukiizungusha ile nobu basi mambo sawa. Wapi. Ukipiga kelele unaongeza zaidi vokali, kwa sababu vokali ndo zinatoka kooni. Jaribu kupiga kelele herufi S peke yake uone kama kuna jirani atatoka nje. Kwa hiyo unanipa A kubwa na O kubwa, na ile s nilokuwa naikosa bado naikosa, sasa imefunikwa kabisa, na mdomo wako umeuachama hauna tena umbo la neno, umekuwa mapango ya Shimoni. Na juu ya yote inauma. Sikio la aina hii nafasi yake ni nyembamba, kutoka "sijasikia" mpaka "unaniumiza" ni hatua chache tu, kwa hiyo mtu ananong'ona sipati, anapandisha kidogo nashtuka, na yeye anasema huyu naye hata haeleweki anataka nini. Na "ongeza sauti ya hiyo mashine" ni maneno hayo hayo yamevaa koti. Fundi kaiseti kwa audiogramu, kule juu kunaongezwa, huku chini kunaachwa. Mimi sina nobu.

Ndo manake navua mashine nikisikiliza moyo. Zimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, sauti nzito inayojirudia zinaiona kelele zinaipunguza, moyo unakuwa kama feni. Navaa stethoskopu ya kielektroniki ambayo iliniondokea na zaidi ya mshahara wa mwezi. Shida iliyopo haiko kwenye stethoskopu, iko hapa: dakika ile nimevua mashine nimeziba masikio kwa mirija, ndo dakika mgonjwa anaamua kunieleza historia yake yote tangu utotoni. Kila mara. Siku hizi nainua kidole kwanza, nasema nipe dakika mbili bibi, na bibi anaitikia, halafu anaendelea.

Halafu tuambizane ukweli, stethoskopu ni nini? René Laennec, daktari Mfaransa, Paris, mwaka 1816, aliona haya kuweka sikio kwenye kifua cha mwanamke, na kugonga kifua kwa vidole hakukusaidia kwa unene wa mama huyo, akakunja karatasi akasikilizia hapo. Kila daktari mnayemheshimu anatembea na mashine ya masikio shingoni. Yangu tu ndo inawapa wasiwasi. Na Helen Taussig, yule daktari wa watoto wa Baltimore aliyetoa wazo la operesheni ya watoto wanaogeuka buluu, akaifanya daktari wa upasuaji Alfred Blalock akielekezwa na msaidizi wake Vivien Thomas mwaka 1944, masikio yake yalishaharibika zamani, alikuwa anasoma mioyo ya watoto kwa vidole. Basi.

Kiziwi niite ukitaka, sikasiriki. Bubu usiniite, unanisikia naongea. Tuendelee.

Mnachopaswa kuogopa, kama mnataka kuogopa kitu, ni namba. Sita na tisa. Ziseme polepole: i-a, i-a. Vokali zile zile, mpangilio ule ule, na zinachotofautiana ni s na t kubadilishana nafasi, s na t ambazo mimi zote mbili sina. Waswahili mlipanga hizi namba kunikomoa. Nne na nane nazo si mbali. Sasa daktari anapita koridoni anatupa dozi juu ya bega huku anatembea, saa ya dozi inayofuata, sita au tisa? Na saa sita ya mchana mpaka saa tisa si mchezo, ni masaa matatu. Sheria yangu ni moja, namba siipokei kwa mdomo mpaka niirudishe kwa namna nyingine: "sita, kabla ya saba, si ndio?" Daktari mpya anakunja uso. Wa zamani wanainua vidole bila kuambiwa. Simu ndo sitaki kabisa, hasa dispensari za visiwani wanapopiga wakiwa ndani ya boti na mgonjwa, injini inanguruma, upepo, na mtu anasema presha ni mia na kitu. Nawaambia andikeni meseji. Mmoja alinijibu hana bando, nikamwambia meseji haitaki bando.

Midomo nayo inasaidia lakini msiitukuze. Simama mbele ya kioo useme baba, mama, papa bila sauti. Umeona? Kitu kimoja. "Baba kashikwa na homa usiku" na "mama kashikwa na homa usiku", mpaka niangalie nani kalala kitandani. Kuna mama aliniambia anataka kupima nikamuelekeza dirisha la bima, akapanga foleni nusu saa. Vua na fua pia, ingawa hiyo mgonjwa mwenyewe hucheka. Barakoa zilipokuja 2020 nililia chooni, sitanii, kwa sababu zinaficha mdomo na zinakula hizo hizo s na f nilizokuwa nabakiwa na vipande vyake.

Na hapa kwetu Lamu kuna nikabu. Mwanamke kwa mwanamke, mlango ukifungwa pazia likishushwa, dada anainua uso wake tunaongea, alhamdulillahi. Koridoni hawezi na simuombi, atanisubiri chumbani. Kilichonisumbua zaidi niliporudi kutoka kusomea bara ni kuta. Nyumba hizi za mawe, plasta ngumu, sauti inagonga inarudi inagonga tena, na feni juu inazungusha. Ukinitaka nikuelewe zima feni kwanza hata kama tutaloa. Kiamu chenyewe, Kiswahili cha hapa kwetu, hakinisumbui, ndo nilichonyonya, bibi akisema kitwa, yaani kichwa, chamuuma nampata kabla hajamaliza, ni yule daktari wa bara anayenigeukia kuuliza kitwa ni nini, na hapo kiziwi ndo anakuwa mkalimani.

Chuoni sina mengi. Mtihani wa vitendo, mkaguzi kasimama nyuma ya mgongo wangu na barakoa anatoa maelekezo, mimi nimesimama namsubiri aanze. Akaandika kwamba sifuati maelekezo. Mwalimu mmoja akanishauri kwa upole kabisa nihamie kwenye kutunza mafaili. Nilirudia mtihani, mkaguzi kasimama mbele, nikapita. Watu wakisema Katiba ya Kenya ya 2010 inatulinda, ni kweli, ibara ya 54 ya watu wenye ulemavu ipo, lakini mkaguzi hasomi ibara, anasimama alipozoea kusimama.

Ya kutia shaka ninayo, msidhani sina. Mapafu sijiamini kama moyo. Mluzi wa pumu naupata, ila zile krepiti laini, vile vimilio vya kupasuka-pasuka vya chini ya pafu, ziko juu zaidi, na siku nyingine sijui nimezisikia au nimezitaka tu. Naita mwenzangu aweke sikio. Kwa watoto nategemea macho, na hapo hata mwongozo uko upande wangu: chini ya miezi 2 pumzi 60 kwa dakika au zaidi ni haraka, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40, na kifua kinachoingia ndani hakihitaji sikio la mtu. Oksimita, kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni, ile ambayo mlio wake unashuka oksijeni ikishuka, mimi siufuati huo mlio, nasoma namba, kwa hiyo ni lazima niwe nimeigeukia, na hapo ndo penye shaka yangu kubwa. Zamu ya usiku peke yangu wadi nzima. Nikiwa nimempa mgongo mtu na kengele ikalia? Nimepanga vitanda vya wagonjwa mahututi vyote upande mmoja, natembea kila robo saa, na wenzangu wanasema mbona uko sawa. Sijui kama niko sawa au nimekuwa na bahati. Sijawahi kumwambia bosi hivyo.

Na kuitikia kwa kichwa. Kuna siku nimeitikia kitu sikukisikia kwa sababu nilishauliza mara tatu na niliona haya mara ya nne. Hakuna aliyeumia. Lakini niliitikia.

Unyevu wa bahari unaziua mashine, chumvi na jasho, usiku nazilaza kwenye kopo na vile vipakiti vya kukausha. Betri wiki moja, siku kumi ukijaliwa.

Turudi kwa yule mzee. Kijana alipomaliza kupiga kelele nikamuomba atoke asimame mlangoni, nikasikiliza dakika nzima, mkono mwingine kwenye mshipa. Moyo ulikuwa unakwenda ovyo, hauna mpangilio hata kidogo, na mapigo ya mkononi pungufu kuliko ya kifuani. Nikamuita daktari nikamwambia hii ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda, akasikiliza, akatoa karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndio hiyo hiyo. Nikamuita yule kijana nikamueleza kwa utulivu, nimeshavaa mashine zangu, nimetulia, najisikia mtaalamu. Nikamwambia Mzee Omari tutamlaza.

Akaniangalia. Akamwangalia babake. Akasema taratibu, mbele ya uso wangu, bila kelele, kwa mara ya kwanza siku ile akisema inavyotakiwa: "Shomari." (Si jina lake la kweli, ila kosa ndo lilikuwa hilo hilo.) Faili lilikuwa bado halijafika kutoka mapokezi, na asubuhi nzima nimemuita mtu Omari, na mzee wa watu kaitika kila mara kwa adabu.