Gavanesi ni nani, na kwa nini alitakiwa ajue piano

Anayesoma habari za Uingereza ya karne ya 19 hakawii kukutana na gavanesi. Mara nyingi neno hili hutafsiriwa "yaya", na hapo ndipo msomaji anapopotea. Yaya humwogesha mtoto, humlisha na kumlaza. Gavanesi alifundisha. Wala hakuwa kama mwalimu wetu wa tuisheni, ambaye huja jioni, akamaliza saa yake, akachukua begi lake na kwenda zake. Gavanesi wa kawaida alilala humo humo kwa mwajiri, akala humo, akalipwa kwa mwaka, na kazi yake hasa ilikuwa kuwasomesha mabinti wa nyumba ile. Walikuwepo pia waliokuja mchana na kurudi kwao, na waliozunguka nyumba kwa nyumba wakifundisha muziki tu, ila aliyezoeleka zaidi ni yule wa kulala.

Ugumu wake ulianzia kwenye asili yake. Alikuwa binti wa mchungaji, wa afisa wa jeshi, au wa mfanyabiashara aliyefilisika. Yaani mtu wa daraja lile lile la waliomwajiri, au karibu yake. Baba akifa bila kuacha kitu, au benki ikianguka na akiba yake, binti asiyeolewa alilazimika kujitafutia, na kazi ambazo hazikumvunjia heshima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kiwandani haendi, jikoni kwa watu haendi. Kufundisha kukabaki. Sensa ya 1851 ilihesabu magavanesi wapatao 25,000 huko England na Wales, na wengi wakigombea nafasi chache, kila mtu anajua mshahara unakwenda wapi. Watumishi wa ndani walimwona anajidai, mabwana walimwona mtumishi. Jioni nyingi alikula peke yake chumbani, chakula kimeletwa kwenye sinia.

Sasa muziki unaingiaje? Familia za wenye nafasi zilitaka binti awe na mkusanyiko fulani wa ujuzi: apige piano, aimbe, achore, azungumze Kifaransa. Tuuite ujuzi wa sebuleni, maana sebuleni ndiko ulikotumika. Hakuna aliyetarajia binti aishi kwa piano. Alitarajiwa aipige vizuri mbele ya wageni, wakiwemo vijana wanaotafuta mke. Kwa hiyo mama mwenye mabinti watatu alipotafuta mwalimu, muziki haukuwa nyongeza, ulikuwa sharti. Mtafuta kazi naye alijitangaza gazetini kwa mistari michache: umri, dini, masomo anayoyaweza, muziki ukiwa miongoni, na anwani ya posta ya kupokelea majibu, mara nyingi kwa herufi za mwanzo za jina tu. Ninavyoona mimi, hapo ndipo penye kejeli ya mambo haya yote: ujuzi uliofunzwa ili binti asije akafanya kazi ndio huo huo uliomtafutia kazi alipokwama.

Mfano ninaoupenda ni wa nyumba moja ya mchungaji huko Haworth, kaskazini mwa England. Charlotte, Emily na Anne Brontë wanajulikana leo kwa uandishi, lakini kabla ya hapo wote watatu walijaribu kuishi kwa kufundisha. Charlotte hakuwa na bahati na piano. Macho yake yalikuwa mabovu, kusoma nota kukamshinda. Mwaka 1841 alipata kazi kwa familia moja ya Rawdon kwa pauni 20 kwa mwaka, akamwandikia rafiki yake kwamba kwa kweli ni kama pauni 16, kwa sababu gharama ya kufuliwa nguo inakatwa humo. Fikiria: sehemu moja kati ya tano ya mshahara inaishia kwenye sabuni! Anne, aliyejua kupiga na kuimba, alifanya kazi karibu na York kuanzia 1840 hadi 1845 kwa pauni 40. Lipo daftari lake la muziki la mwaka 1843, nyimbo alizozinakili kwa mkono wake mwenyewe, nota moja moja.

Emily ndiye aliyekuwa mpigaji hodari. Mwaka 1842 yeye na Charlotte walikwenda kusoma Brussels, na fedha zilipokuwa haba mwenye shule akawapa nafasi ya kulipia masomo yao kwa kazi: Charlotte afundishe Kiingereza, Emily muziki. Emily hakutaka kupoteza vipindi vyake mwenyewe, basi watoto wadogo wa familia moja ya Kiingereza akawafundisha piano wakati wa mapumziko, wenzao wakicheza nje. Watoto wakawa wanatoka wanalia.

Waliofika juu walikuwa wachache. Louise Farrenc, mpiga piano na mtunzi wa Kifaransa, alianza kufundisha piano katika Konsavatori ya Paris, chuo kikubwa cha muziki, mwaka 1842, na ilimchukua mpaka 1850 kupata malipo sawa na wenzake wanaume. Kwa gavanesi wa kawaida, unafuu ulikuja polepole. Chama cha kuwasaidia kilianzishwa London mwaka 1843, na watu wake ndio waliosukuma kufunguliwa kwa Queen's College, chuo cha wanawake huko London, mwaka 1848, ili mwanamke anayeomba kazi awe na cheti badala ya kutegemea barua ya mke wa mchungaji.

Akina Brontë walijaribu njia nyingine: kufungua shule nyumbani, wasitumwe tena na mtu. Mwaka 1844 walichapisha karatasi ya matangazo yenye bei. Malazi na masomo ya kawaida, pauni 35 kwa mwaka. Muziki haukuwemo humo. Ulilipiwa peke yake, pauni moja na shilingi moja (pauni ya wakati ule ilikuwa shilingi 20) kwa kila robo mwaka, na shilingi 5 zaidi kwa kutumia piano. Kufua, shilingi 15 kwa robo. Safari hii Charlotte ndiye aliyekuwa upande wa kutoza. Kila mwanafunzi aje na jozi moja ya shuka, foronya, taulo nne, kijiko cha chai na cha kitindamlo.

Karatasi hizo waliwatumia marafiki na jamaa ili wawagawie watu. Haworth ilikuwa mbali, barabara mbaya, baridi kali. Hakuja mwanafunzi hata mmoja.