Likeni ya kijivu kwenye makoro: jina moja, spishi ngapi?

Ukitembea juu ya makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, nje ya Goma, linganisha lava ya 1977 na ile iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002. Ile ya zamani imevaa sufu ya kijivu, ya 2002 inaanza kuivaa, na ya Mei 2021 bado ni nyeusi sehemu kubwa. Sufu hiyo si majani wala ukoga. Ni likeni, na nyingi kati yake ni za jenasi ya Stereocaulon. Wanafunzi huandika jina hilo moja kwenye lebo, wakafunga bahasha, kazi ikaisha. Mimi nasema kazi ndipo inapoanza.

Likeni ni kuvu anayeishi na mwani wa kijani au sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), na jina la likeni ni jina la kuvu wake. Mwani ana jina lake mwenyewe. Hili si jambo dogo, kwa sababu kuvu yuleyule mmoja anaweza kuonekana kama jani pana akiwa na mwani wa kijani, na kama kichaka kidogo cheusi akiwa na sianobakteria. Kuna likeni zilizowahi kupewa majina mawili kwa kosa hilo. Kosa la upande wa pili ndilo linalotokea zaidi: kuvu wengi tofauti wanafanana kiasi kwamba tunawapa jina moja.

Mfano mkubwa ni Cora, likeni ya Amerika ya Kati na ya Kusini inayofanana na uyoga mwembamba wa kijivu. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka 2014 uchunguzi wa DNA ulionyesha angalau spishi 126 ndani yake, na makadirio yakapanda hadi zaidi ya 400. Wakishajua wapi pa kutazama, wataalamu waliona tofauti za umbo, rangi na makazi. Zilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyezipa uzito.

Ukoo wenyewe pia unashangaza. Kuishi na mwani si urithi wa babu mmoja: kuvu walianza maisha hayo mara kadhaa, kila tawi kwa njia yake. Likeni nyingi ziko katika tawi la Lecanoromycetes, lakini Cora ni ndugu wa uyoga wa kawaida. Verrucaria, inayoganda kwenye mawe kama rangi iliyopakwa, iko karibu na Aspergillus, yule kuvu anayetia sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kwa hiyo "likeni" ni namna ya kuishi, kama vile "mvuvi" ni kazi na si kabila.

Sasa, kipande cha Stereocaulon kutoka kwenye makoro kinachunguzwaje?

Anza kwa macho, kwa kioo cha kukuza mara 10. Utaona shina gumu lililobeba vijimagamba vyeupe-kijivu, vyenye mwani wa kijani ndani. Pembeni yake tafuta vinundu vya rangi nyingine, vya kahawia au vyenye weusi. Humo ndimo sianobakteria wanaishi, na wao ndio wanaokamata naitrojeni ya hewa. Ndiyo maana likeni hii inatangulia mahali ambapo udongo haupo. Andika umbo la vinundu na mahali vilipo, kwa sababu vinatofautisha spishi. Tafuta pia vikombe vya spora vya kahawia kwenye ncha. Usichukue kimoja na kukimbia: chukua vipande 5 hadi 10 vya mahali pamoja, kutoka jua kali na kivulini, maana likeni ya kivulini hurefuka na kuonekana kama spishi nyingine.

Tumia tindo na nyundo, uchukue pamoja na kipande chembamba cha jiwe. Weka kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si kwenye sashe ya plastiki: unyevu wa ziwa ukifungiwa ndani, baada ya siku mbili ukungu umekula sampuli, na DNA utakayoisoma ni ya ukungu. Kausha kivulini, si juani, wala usiweke juu ya jiko la makaa. Andika kwa penseli: tarehe, kimo, viwianishi vya GPS na mwaka wa lava. Huo mwaka ni utajiri ambao wataalamu wa nchi nyingine wanautamani, kwa sababu unajua uso wa jiwe ulizaliwa lini. Ukiingia ndani ya hifadhi ya Virunga, kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, kiwe mfukoni kwanza.

Halafu kemia. Andaa suluhisho la potasi kali (KOH) kwa gramu 1 ndani ya mililita 10 za maji. Vaa miwani na glavu, na weka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kwa sababu hewa inalidhoofisha. Tone moja dogo kwenye kijigamba likigeuka njano, usifurahi mapema. Karibu Stereocaulon zote zina kemikali iitwayo atranorini, na atranorini ndiyo inayotoa njano hiyo. Haikutenganishii kitu. Kinachotenganisha ni asidi zinazoambatana nayo, kama asidi stiktiki na asidi lobariki, na kwa hizo unahitaji kromatografia ya tabaka jembamba, njia ya kutenganisha kemikali juu ya sahani: loweka kipande kidogo katika asetoni, dondosha kwenye sahani ya silika, ipandishe kwa mchanganyiko wa tolueni sehemu 170 na asidi asetiki sehemu 30, kisha nyunyizia asidi sulfuriki ya 10% na upashe moto kwenye nyuzi 110. Kila sahani iwe na vitu viwili unavyovijua tayari, la sivyo madoa hayasemi chochote. Javeli ya dukani (dawa ya kung'arisha nguo) inafaa kwa jaribio la likeni nyingine, ila iwe mpya na isiyo na manukato. Chupa iliyokaa dirishani mwezi mmoja itakupa "hakuna rangi" ya uongo.

DNA huja mwisho. Kwa kuvu wote kipande cha kwanza cha kusoma ni ITS, na tangu 2012 ndicho kinachotumika rasmi kama alama ya utambulisho. Kata milimita chache za ncha safi au kikombe cha spora, usikate shina la chini lenye vumbi. Osha kwa asetoni, maana asidi za likeni huzuia PCR, yaani hatua ya kunakili DNA mara nyingi. Kama hakuna mstari kwenye jeli, usiongeze DNA. Ipunguze mara 10 kwa maji kisha urudie: mara nyingi tatizo ni uchafu mwingi, si DNA kidogo. Mistari miwili inaweza kumaanisha una kuvu wawili, pengine kuvu mdogo anayeishi juu ya likeni. Tumia praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) ya ITS1F badala ya ITS1, kwani inapendelea kuvu na kuacha mwani.

Mfuatano ukipatikana, watu hukimbilia benki ya data na kuchukua jina la kwanza linalotokea. Hapo ndipo makosa ya wengine yanapokuwa yako. Jina lililoandikwa humo ni la aliyeipeleka sampuli, na mara nyingi hakuna aliyelihakiki. Tengeneza mti wa ukoo, uone sampuli zako zinakaa na nani, na kama matawi yana nguvu: asilimia 70 ya bootstrapu, kipimo cha mara ngapi tawi linajirudia data ikichaguliwa upya, ni kiwango cha chini cha kuanza kuamini.

Tawi peke yake halitoshi kuita spishi. ITS inaweza kusema jambo moja, na kipande cha mitokondria au jeni ya MCM7 ikasema lingine, kwa sababu jeni za ukoo mchanga huchelewa kutengana. Ninakubali spishi mpya pale ambapo angalau jeni mbili zisizo za mahali pamoja zinakubaliana, na kuna jambo la tatu linaloziunga mkono: kemia, vinundu, makazi, au umri wa lava. Sampuli moja peke yake kwenye tawi refu naiacha bila jina, ingawa inatamanisha.

Na kipande kilichotoa DNA kisitupwe. Kiwekwe kwenye bahasha ileile, na namba iliyoandikwa kwenye bomba la DNA, ifunguke hata baada ya miaka 30. Bila hicho, mfuatano wenyewe ni herufi tu, na atakayetilia shaka jina hana kitu cha kushika mkononi.