Kuogopa hesabu sio kukosa akili ya hesabu

Toka tukiwa shule tunaambiwa mtoto anayetetemeka kwenye hesabu basi kichwa chake hakishiki namba, na watu wazima bado tunaamini hivo. Jamani sio kweli, na hii imepimwa.

Mwaka 1972 Richardson na Suinn kule Marekani walitengeneza dodoso la vipengele 98, linaitwa MARS. Humo huulizwi 7 mara 8 ni ngapi, unapewa hali tu, mfano unasoma risiti baada ya kununua kitu, au unajumlisha namba za tarakimu tatu huku mtu kasimama nyuma yako anachungulia, alafu unasema hofu yako ni ngapi kati ya 1 na 5. Yani kinachopimwa ni woga wenyewe, uwezo unapimwa kivyake kwa mtihani. Mwaka 2003 likaja fupi zaidi, AMAS, vipengele 9 tu.

Sasa weka pamoja kipimo cha woga na mtihani wa uwezo. Watafiti wa Cambridge walipima wanafunzi 1,757 Uingereza, wakatoa matokeo 2018: kati ya wenye woga mkubwa, asilimia 77 walikuwa na alama za kawaida au za juu kabisa! Mimi hii inaniuma, maana ndo watoto wale wale tunaowaita wazito.

Woga unakula ile nafasi ndogo ya kichwani ya kushikilia namba kwa muda, kwahiyo kwenye 47 + 38 ile 1 unayoibeba inadondoka njiani. Mtoto akikwama ubaoni, mpe karatasi akae afanye taratibu, bila kumsimamia.