Kenge, nguchiro na maana ya "damu baridi"

Kila video ya kenge akipambana na nguchiro inapozunguka kwenye simu, hakosi mtu wa kuifafanua: "Kenge ana damu baridi, hana nguvu, ndiyo maana anapigwa." Nimeisikia kwenye vijiwe vya kahawa Magomeni, nimeisikia ndani ya daladala ya Mbagala, na sasa watoto nao wanaambiwa hivyohivyo wakiuliza. Dhana ya damu baridi ni nzuri, na kweli inaeleza mengi kuhusu mapigano ya namna hii. Ila hilo la kenge kukosa nguvu haielezi.

Maana yake ni hii: mnyama wa damu baridi hupata joto la mwili kutoka nje, kwenye jua, jiwe, ukuta, lami au maji. Wa damu moto hulizalisha mwenyewe ndani, kwa kuunguza chakula. Mijusi, nyoka, mamba, vyura na karibu samaki wote wako upande wa kwanza. Ndege na mamalia wako upande wa pili. Basi. Dhana inahusu joto linatoka wapi. Haisemi damu ina nyuzi ngapi, wala haisemi lolote juu ya ubavu wa mnyama.

Tuanze na hizo nyuzi. Kenge wa maji, hawa wa mabondeni na kwenye mikoko, akishaota jua la kutosha mwili wake hufika nyuzi 35 hivi. Wewe unayemtazama una 37. Februari saa nane mchana, huyo mnyama wa "damu baridi" ni wa moto kabisa. Njoo Julai alfajiri, Dar ikishuka hadi nyuzi 19 au 20: kenge yuleyule ni mzito, misuli inajibu polepole, na kwa kawaida hatoki alikolala mpaka jua lipande. Nguchiro, kwa kuwa ni mamalia, saa hiyo yuko vilevile alivyokuwa jana mchana. Kwa hiyo pigano la asubuhi ya baridi na pigano la mchana wa jua kali ni mapigano mawili, hata wapiganaji wakiwa walewale. Hapo damu baridi inaingia kweli, lakini inaingia kupitia saa na hali ya hewa.

Sasa nguvu. Misuli ya mjusi ikishapata joto lake la kazi hukaza kwa nguvu inayokaribiana na ya mamalia. Kenge wa maji mkubwa hufika urefu wa mita 2, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia anaouchapa kama fimbo. Tena haukati akakimbia, kama afanyavyo mjusi wa ukutani. Kwake mkia ni silaha. Ana kucha za kuchimbia na kupandia miti, na akiuma hung'ang'ania. Mnyama huyu kumwita dhaifu ni kumwonea.

Kinachomtofautisha na nguchiro ni pumzi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mamalia ni daladala iliyowashwa muda wote, hata ikiwa kituoni haina abiria: inakula mafuta bure, lakini ukitaka kuondoka unaondoka, na safari ndefu inaimudu. Mamalia aliyepumzika hutumia nishati karibu mara tano hadi kumi ya mjusi wa uzito uleule. Gharama hiyo ndiyo inayomlipia mapafu, moyo na misuli inayoweza kuhangaika muda mrefu. Kenge naye huanza pigano kwa nishati ya papo kwa papo isiyosubiri oksijeni. Kwa muda mfupi ni hatari kwelikweli. Baada ya dakika chache asidi imejaa kwenye misuli, na kurudi hali yake huchukua muda mrefu, pengine saa nyingi.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la umbo. Mjusi hukimbia kwa kupinda kiwiliwili kushoto na kulia, na misuli ya mbavu inayosaidia kupinda ndiyo hiyohiyo inayovuta hewa. Akikimbia kwa kasi, kupumua kunabanwa. Kenge amepata njia ya kupunguza adha hiyo: anasukuma hewa mapafuni kwa koo. Mwaka 1999 watafiti walilithibitisha wakiwa na kenge wanaotembea kwenye mashine ya mazoezi. Koo lilipozuiwa kufanya kazi hiyo, hewa iliyoingia ilipungua. Mwangalie kenge aliyebanwa kwenye mtaro: koo linavimba na kunywea, linavimba na kunywea, huku anatoa sauti ya pumzi nzito. Watu hudhani ni vitisho tu. Vitisho vimo, lakini pia anatafuta hewa. Kwa mbinu hiyo kenge anawazidi mijusi wengi kwa ustahimilivu, ila nguchiro bado hamfikii.

Na nguchiro anapigana kama anayejua hivyo. Anaruka mbele, anarudi, anazunguka, manyoya yamesimama hata anaonekana mkubwa kuliko alivyo, na kenge akiuma haraka anaambulia manyoya. Muda uko upande wake.

Lakini muda hauna maana kama uzito haulingani. Nguchiro mwembamba ana nusu kilo hivi; huyo kwa kenge mkubwa wa kilo kadhaa ni chakula, akikamatwa. Nguchiro miraba ana kilo moja na nusu hivi, ila hutembea kundi na hukabili adui kwa pamoja, na hapo kenge ndiye anayetafuta shimo. Nyegere ni habari nyingine: kilo kumi na zaidi kwa dume mkubwa, ngozi nene iliyolegea hata akishikwa anaweza kugeuka na kuuma, na kenge ni mmoja wa wanyama anaowala. Ukitaka upande wa pili wa mizani, nenda visiwa vya Komodo na Rinca, Indonesia. Kenge wa huko hufika mita 3 na kilo 70, na huangusha kulungu na nguruwe. Joto lake nalo linatoka juani.

Halafu mara nyingi pigano halifiki mwisho. Nguchiro aliyevunjika mguu lazima ale leo na kesho. Kenge aliyeumia anaweza kujificha wiki kadhaa bila kula. Wote wana sababu ya kuachana, na wengi huachana baada ya kuvimbiana na kuchapana mkia mara moja mbili. Video ya namna hiyo hakuna anayeisambaza.

Basi ndugu yangu, ukiona kenge kazidiwa, usiseme ni kwa sababu ana damu baridi. Sema alikuwa bado hajapata jua, au alikuwa mdogo, au pumzi ilimwishia. Mojawapo ya hayo huenda ndiyo sababu, na ukiitazama video tena kwa makini unaweza kuiona.